Mashua Ndogo Katika Bahari Kuu

Katika maneno yetu haya twataka kuwaeleza jinsi chombo kidogo cha tanga kinavyoweza kuokoka katika tufani, mbali na nchi kavu, mahali pasipo bandari ya kukimbilia. Ninyi mkaao bara huenda hamjaiona bahari hata mara moja, na kwa ajili yenu tutajaribu kueleza kila jambo polepole. Ninyi wa pwani mwaijua, na labda mtatuambia kwamba baharia mwenye akili hatoki bandarini wakati wa tufani. Ni kweli. Tangu kale manahodha wa majahazi yetu, na wale waliokuja kutoka Arabuni na Bara Hindi, walifuata majira: walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi, na kusi ilipovuma kwa nguvu katika mwezi wa Juni na Julai, vyombo vingi vidogo vilivutwa pwani, vikapakwa deheni, vikangoja. Kungoja ndio ulinzi wa kwanza wa baharia, wala hakuna ulinzi uupitao huo.

Lakini je, asiyeweza kungoja afanyeje? Ili kulijibu swali hili tumechagua safari moja ya kweli, ambayo kwa maoni yetu hutufundisha kuliko nyingine zote. Ni safari ya watu 6 katika mashua ya futi 22 na nusu, waliovuka maili 800 za bahari iliyo mbaya kupita zote duniani, katika mwaka wa 1916.

Mkubwa wao alikuwa Sir Ernest Shackleton, mzaliwa wa Ireland. Mwaka wa 1914 alisafiri pamoja na watu 27 katika meli iitwayo Endurance, kusudi alivuke kwa miguu bara la Antaktika, yaani nchi ile ya barafu iliyo kwenye ncha ya kusini ya dunia. Hawakuikanyaga nchi hiyo. Katika Januari 1915 meli ilishikwa na barafu ya baharini, ikachukuliwa nayo huku na huku muda wa miezi 10, ikabanwa hata mbao zake zikapasuka. Na tarehe 21 Novemba 1915 ikazama. (Mabaki yake yalionekana katika Machi 2022, kiasi cha mita 3,000 chini ya maji, imesimama wima, na jina lake nyuma lingali lasomeka.) Watu wote 28 walikaa juu ya barafu katika mahema mpaka Aprili 1916, barafu ilipopasuka chini yao. Ndipo walipoingia katika mashua zao 3, na baada ya siku nyingi za baridi na kiu wakafika kisiwa kiitwacho Elephant Island, tarehe 15 Aprili.

Kisiwa hicho hakina watu, hakina mti. Hakuna meli iliyopita karibu nacho, wala watu wale hawakuwa na simu ya upepo ya kuitia msaada. Duniani kote hapakuwa na mtu aliyejua kwamba wako hai. Tena, huko kusini, wakati wa masika yetu ndio mwanzo wa baridi kuu. Barafu ilikuwa karibu kukizunguka kisiwa na kukifunga, na sili na pengwini waliokuwa chakula chao wangeweza kuondoka siku yo yote. Basi kungoja kulikuwa ni kufa. Shackleton akaamua kwamba mashua moja iende kutafuta msaada, na watu 22 wabaki chini ya msaidizi wake, Frank Wild, wakilala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa zikawa kama kibanda.

Mashua iende wapi? Hapa msomaji wa pwani ataelewa upesi. Nchi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa upande wa visiwa vya Falkland na ncha ya Amerika ya Kusini, lakini katika bahari ile upepo hutoka magharibi mwaka mzima, na mashua ndogo haiwezi kubisha juu ya upepo wa namna hiyo siku nyingi. Kisiwa cha South Georgia kilikuwa mbali zaidi, maili 800, lakini upepo ungewasukuma kukiendea, na huko walikuwako wavuvi wa nyangumi wenye meli za moshi. Wakachagua njia ndefu yenye upepo, wakaacha njia fupi isiyo na upepo. Hivyo ndivyo wafanyavyo mabaharia wote wa tanga.

Mashua iliyochaguliwa iliitwa James Caird, kwa jina la tajiri wa Dundee aliyeisaidia safari kwa fedha, mwenye viwanda vya kusokota juti, yaani nyuzi zile zifanyazo magunia. Ilikuwa mashua imara, lakini wazi, haina sitaha. Mashua wazi katika bahari kuu ni kama bakuli: wimbi moja likiingia, imejaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuifunika. Seremala wao, Harry McNish, hakuwa na mbao wala kiwanda. Alikuwa na vifuniko vya makasha, vipande vya magari ya kuteleza juu ya barafu, na turubai kuukuu. Alikuwa amekwisha kuziinua mbavu za mashua hapo nyuma. Sasa akatandaza vifuniko vile juu, na juu yake turubai. Turubai lenyewe lilikuwa limeganda kama ubao, ikawapasa washonaji kulilainisha juu ya moto wa mafuta ya sili, kipande kwa kipande, wakisukuma sindano kwa taabu kubwa. Maungo ya mbao yalitiwa kalafati ya utambi wa taa, rangi za mafuta za mchoraji aliyekuwa pamoja nao, na damu ya sili. Kwetu mafundi hutumia pamba na sifa ya papa. Watu wale walitumia walichonacho. Mlingoti wa mashua nyingine ulilazwa chini juu ya mkuku na kufungwa, ili mashua isivunjike mgongo katikati ya mawimbi mawili.

Kisha wakatia farumi, yaani uzito wa kuikalisha mashua majini isipinduke. Walishona mifuko ya mablanketi, wakaijaza changarawe, wakaongeza na mawe makubwa, hata ikapata kupita tani moja. Nahodha Frank Worsley, mtu wa New Zealand, aliyekuwa kiongozi wa njia, aliona kwamba farumi imezidi. Mashua yenye farumi nyingi haipinduki, lakini hukaa chini sana katika maji, hulowa kila wimbi, na hurudi kwa kishindo kila inapolala upande, hata walio ndani huumia mifupa. Sisi tusiokuwako hatuwezi kuamua kati yao. Twaweza kusema tu kwamba mashua haikupinduka, na kwamba watu walilowa tangu siku ya kwanza hata ya mwisho.

Waliondoka tarehe 24 Aprili 1916, siku ya Jumatatu ya Pasaka. Katika mashua walikuwa Shackleton, Worsley, McNish seremala, Tom Crean, Timothy McCarthy na John Vincent. Walichukua chakula cha mwezi mmoja, na mapipa mawili ya maji. Wakati wa kupakia, pipa moja lilijigonga katika mwamba likapata ufa. Hakuna aliyelishughulikia sana saa ile. Tutalirudia pipa hili.

Sasa tuiache mashua kidogo, tutazame mawimbi yenyewe, kwa maana asiyeyafahamu mawimbi hawezi kufahamu jinsi mashua ilivyookoka.

Ukikitupa kibuyu kikavu ziwani siku ya upepo, utaona kwamba wimbi likija, kibuyu hupanda, kisha hushuka. Husogea mbele kidogo, hurudi nyuma kidogo. Lakini wimbi hupita na kibuyu hubaki karibu pale pale. Maji yenyewe hayasafiri. Kisafiricho ni ule mwendo wa kupanda na kushuka, kama upepo upitapo juu ya shamba la mpunga: mashuke huinama na kuinuka mpaka mwisho wa shamba, lakini hakuna shuke liendalo kutoka upande huu hata upande ule. Kwa hiyo wimbi kubwa, hata likiwa na kimo cha nyumba ya ghorofa, si adui wa mashua ndogo, maadamu lina mteremko wa taratibu. Mashua hupanda mlima huo wa maji, huushuka, basi. Tena mashua fupi hupanda vizuri kuliko meli ndefu, kwa kuwa hukaa juu ya wimbi moja tu kwa wakati mmoja.

Adui ni wimbi linaloumuka. Upepo ukizidi kulisukuma, wimbi huinuka likawa kali kama ukuta; na kimo chake kikifika kiasi cha sehemu moja ya 7 ya urefu wa kutoka kilele hata kilele, haliwezi kusimama tena, kilele huanguka mbele. Hapo maji husafiri kweli kweli. Kasha la futi moja kila upande likijazwa maji ya bahari huwa na uzito wa ratili 64. Basi fikirini uzito wa kilele kizima cha wimbi kianguke juu ya mashua kwa mbio za farasi. Likiipiga mashua ubavuni, huipindua. Likiipiga omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, hupasuliwa likapita pande zote mbili, na mashua huweza kupona. Elimu yote ya chombo kidogo katika tufani, kwa sehemu kubwa, ni hii: kisipe wimbi ubavu wake.

Na katika bahari ile ya kusini mawimbi ni makubwa kwa sababu moja iliyo wazi. Ukubwa wa wimbi hutokana na nguvu za upepo, muda wa kuvuma kwake, na umbali wa maji unaovumia. Huko hakuna nchi ya kuuzuia upepo. Bahari huizunguka dunia yote kama mkanda, na mawimbi hayapati ufuko wa kuvunjikia.

Basi upepo ulipokuwa wa kadiri, James Caird ilikimbia mbele yake kwa matanga madogo. Ulipozidi, kukimbia kukawa hatari, kwa maana mashua ikienda mbio sana huteremka kwa nguvu katika bonde la mawimbi, omo ikazama na tezi ikageuka ubavu. Ndipo walipotumia nanga isiyofika chini. Nanga hiyo ni mfuko wa turubai, mpana mdomoni na mwembamba mkiani, mfano wa mgono wa kuvulia samaki, uliofungwa kwa kamba ndefu mbele ya mashua. Mfuko huzama kidogo ukajaa maji, nao hauburuziki upesi. Upepo huisukuma mashua nyuma, mfuko huikataza. Kwa hiyo kamba hukaza, ikaivuta omo ielekee mawimbi daima, bila ya mtu kushika usukani. Mashua hupoteza njia, lakini hailali ubavu.

Si wao wa kwanza kuitumia. Nahodha John Voss, mzaliwa wa Ujerumani, aliondoka Kanada mwaka wa 1901 katika mtumbwi wa gogo la mwerezi uitwao Tilikum, aliouinua mbavu na kuutia sitaha na milingoti mitatu. Na mwaka wa 1904 akaufikisha London, akiwa ameutegemea mfuko wa namna hiyo katika dhoruba nyingi. Mwenye kuudharau mtumbwi na aikumbuke Tilikum. Wengine huipendelea njia nyingine, yaani kukimbia mbele ya upepo huku wakiburura kamba nene ndefu nyuma, ili zipunguze mwendo na kuishika tezi. Ndivyo alivyofanya Mwingereza Robin Knox-Johnston katika bahari hiyo hiyo ya kusini, alipoizunguka dunia peke yake pasipo kushuka pwani, kwa siku 312, mwaka wa 1968 na 1969. Chombo chake cha futi 32 kiliundwa Bombay, nacho kiliitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia wa Ghuba huupa upepo utokao kusini-mashariki. Mabaharia hubishana hata leo ni njia ipi iliyo bora. Sisi twaona kwamba jibu hutegemea umbo la chombo na nafasi iliyoko mbele yake: akimbiaye mbele ya upepo lazima awe na bahari ya kukimbilia.

Turudi kwa James Caird. Ilipokuwa imelala juu ya nanga ile ya turubai, baridi ilizidi, na kila tone lililorukia sitaha liligeuka barafu. Siku ya pili yake mashua yote ilikuwa imevikwa barafu nene, ikawa nzito, haipandi tena juu ya wimbi, bali hulala kama gogo lililonywa maji. Uzito ukiwa chini, kama farumi, huikalisha mashua. Uzito ule ule ukiwa juu huipindua. Hapakuwa na shauri ila mtu kutambaa juu ya turubai lililoteleza, katika giza na mrama, ameshika shoka kwa mkono mmoja, akivunja barafu bila ya kuitoboa sitaha ya vifuniko vya makasha. Hakuna aliyeweza kukaa huko juu ila dakika chache, kisha akapokewa na mwenzake. Wakatupa baharini makasia ya ziada, na mifuko miwili ya kulalia iliyokuwa imeoza na kuwa mizito kwa maji. Fikirini hali ya mtu anayetupa kitanda chake katika baridi kama ile.

Hata asubuhi moja pande la barafu lililogandamana na kamba ya nanga liliisugua kamba mpaka ikakatika. Nanga ikapotea. Mashua ikageuka ubavu mara moja, nao wakakimbilia kuyapiga matanga yaliyoganda, barafu ikaanguka, wakayainua, wakapata mwendo, na omo ikageuka. Tangu saa hiyo walikuwa na matanga na usukani tu.

Wengi hudhani kwamba baharia katika tufani hushindwa na maji. Mara nyingi hushindwa kwanza na uchovu na baridi, akafanya kosa, kisha maji yakammaliza. Kwa sababu hiyo Shackleton alishika utaratibu mmoja hata katika siku mbaya kuliko zote: watu watatu kazini, watatu wakipumzika, kwa zamu za saa 4. Mmoja alishika usukani, mmoja matanga, mmoja alifua maji. Waliokuwa zamu ya kupumzika walitambaa juu ya mawe ya farumi mpaka mbele, wakaingia katika mifuko ya ngozi iliyolowa. Ngozi hizo zilinyonyoka manyoya. Manyoya yakaziba pampu, yakaingia chakulani, na wenyewe wanasimulia kwamba hatimaye waliacha kuyaondoa wakala nayo.

Chakula cha moto hakikukosekana. Crean ndiye aliyekuwa mpishi. Walikuwa na jiko moja la primus. Mtu alikaa huku na mwingine huku, migongo imeegemea mbavu za mashua, miguu imelishika jiko katikati, na sufuria ikainuliwa kwa mkono kila mashua iliporuka. Ndani walipika uji mzito wa nyama kavu na mafuta, wakaunywa ungali ukitokota. Usiku, kila zamu ilipata maziwa ya moto. Worsley amesimulia kwamba Shackleton alipomwona mtu mmoja akitetemeka kupita wenzake, aliamuru maziwa ya moto kwa wote, asimtaje yule mtu, ili asione haya wala kuogopa. Jambo hili dogo halikuongeza hata inchi moja katika mbao za mashua, lakini sisi twalihesabu pamoja na sitaha na farumi.

Na njia je? South Georgia ni kisiwa chembamba katika bahari kubwa. Wakikikosa, upepo usingewaruhusu kurudi, na mbele yao pasingalikuwa na kitu ila maelfu ya maili ya Atlantiki. Ili kujua mahali chombo kilipo, nahodha hupima kwa chombo maalumu kimo cha jua juu ya mstari wa bahari, na kwa saa iliyo sahihi hupiga hesabu. Kazi hii hutaka jua, mstari wa bahari ulionyooka, na mahali pa kusimama. Worsley hakuwa nacho hata kimoja. Aliweza kupima mara 4 tu katika safari nzima, amepiga magoti juu ya ubao, watu wawili wamemshika asianguke, jua likitokea kati ya mawingu kwa kitambo kidogo, na mashua ikipanda juu ya wimbi ili mstari wa bahari uonekane. Naye Shackleton chini akiandika saa. Siku nyingine zote alikisia kwa dira na mwendo. Kwa kuwa hakuwa na hakika ya mahali pao ila kwa kiasi cha maili 10, hawakuthubutu kuilenga ncha ya kisiwa wasije wakaikosa. Waliilenga pwani ya magharibi katikati, ingawa walijua kwamba wavuvi wa nyangumi wako upande wa pili, ng'ambo ya milima.

Usiku wa tarehe 5 Mei, Shackleton akiwa kwenye usukani, aliona mstari mweupe angani nyuma, akadhani mawingu yanafunguka, akawaambia wenzake. Kisha akatambua kwamba ule haukuwa uwingu uliopasuka, bali ni povu la kilele cha wimbi kubwa mno. Akawapigia kelele washike sana. Wimbi likaiinua mashua, likaitupa mbele kama kigae, likaijaza maji hata nusu yake. Wote 6 wakafua kwa kila kilichoweza kuchota, pasipo kujua muda wa dakika kadha kama mashua inaishi au inazama. Ikaishi. Sitaha ya vifuniko na turubai ilikuwa imezuia nusu ya pili ya maji, na farumi ikairudisha mashua wima.

Hapa twataka kuongeza neno moja. Katika Agosti 1979 mashua 303 za mashindano zilikutwa na dhoruba kali kati ya Uingereza na Ireland. Mabaharia 15 wa mashindano hayo walikufa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, lakini kati ya hizo ni 5 tu zilizozama. Nyingine zilikutwa baadaye zingali zaelea. Wengine waliziacha mashua zao wakaingia katika vyelezo vya mpira, na vyelezo vikapinduka au kupasuka. Tangu siku hizo mabaharia hufundishwa kwamba chombo kingali chaelea kisiachwe. Mtu hukiacha pale tu kinapozama chini ya miguu yake.

Tarehe 7 na 8 Mei waliona mwani ukielea, kisha ndege wa jamii ya mnandi, ambao hawaruki mbali na nchi. Mchana wa tarehe 8 wakaiona milima ya South Georgia. Msomaji atadhani kwamba taabu imekwisha. Lakini kwa chombo cha tanga katika tufani, hatari kubwa kuliko bahari yenyewe ni nchi kavu iliyo upande uendako upepo. Baharini mna nafasi ya kusukumwa; pwani pana mwamba. Mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya miamba isiyokuwamo katika ramani yo yote, na giza lilikuwa linaingia. Walikuwa na kiu kali, kwa kuwa lile pipa lililopata ufa lilikuwa limeingiliwa na maji ya bahari. Kila mtu alipimiwa nusu ya painti kwa siku, maji ya chumvi chumvi yenye kuzidisha kiu, yaliyochujwa kwa kitambaa kuondoa takataka. Mbele yao waliona nchi yenye mito. Wakageuza mashua wakarudi baharini. Katika safari yote hatuoni tendo lililohitaji moyo mkubwa kuliko hilo.

Usiku ule upepo ukawa tufani ya kuling'oa paa la mabati, nao ukawasukuma kuelekea miamba. Hapakuwa na nafasi ya kulala juu ya nanga, wala ya kukimbia; ikawabidi kupandisha tanga na kubisha, mashua ikijipiga juu ya kila wimbi kama inayojipiga ukutani. Maungo ya mbao yakafunguka kila kishindo, maji yakachirizika ndani, watu wakafua bila ya kukoma siku nzima ya tarehe 9. Jioni waliponyoka kwa shida kando ya kisiwa kidogo kiitwacho Annenkov, na upepo ukapungua. Muda si mwingi baadaye msumari uliokuwa ukiushika mlingoti mahali pake ulianguka chini. Kama ungalianguka saa chache kabla, mlingoti ungalikwenda baharini, na mashua pamoja nao.

Tarehe 10 Mei waliingia katika ghuba iitwayo King Haakon, baada ya siku 16. Karibu na walipotua palikuwa na kijito cha maji matamu. Wakapiga magoti wakanywa.

Shackleton, Worsley na Crean waliivuka milima ya kisiwa kwa miguu, mwendo wa saa 36, kati ya tarehe 19 na 20 Mei, wakawafikia wavuvi wa nyangumi. Wale 22 wa Elephant Island hawakupatikana upesi. Mara tatu meli zilizuiwa na barafu. Mara ya nne meli ndogo ya Chile iitwayo Yelcho, nahodha wake akiwa Luis Pardo, iliwafikia tarehe 30 Agosti 1916. Wote 22 walikuwa hai.

Timothy McCarthy alikufa baharini mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza. Seremala McNish hakupewa nishani waliyopewa wenzake wengi, kwa sababu aliwahi kukataa amri walipokuwa juu ya barafu. Alikufa Wellington, New Zealand, mwaka wa 1930. Wengi wameona kwamba alidhulumiwa, na sisi twaona hivyo. Mashua ya James Caird ingaliko. Yawekwa London katika Dulwich College, shule aliyosoma Shackleton utotoni, ndani ya nyumba, juu ya mawe.